Somo la Kuelea, Pamoja na Shemeji

1. Mimi

Sisi wa bara, anasema Vuai, tukiingia baharini ama tunazama kama jiwe ama tunaibuka kama chupa tupu. Katikati hatupajui.

Vuai ndiye mwalimu wetu wa uzamiaji, hapa Pemba. Mimi ni Kasilda Mbawala, mzaliwa wa Songea, napima samaki maabara. Nataka nafasi kwenye kikosi kinachokagua matumbawe. Cheti cha kuzamia ninacho, kipya kabisa, bado kinanuka wino. Vuai akinikubali, naingia kikosini. Akinikataa, narudi kupasua samaki waliokufa.

Yupo pia Deogratias, mume wa dada yangu Editruda. Yeye haombi kazi. Amekuja kupiga picha.

Wewe unayesoma, usimhurumie bado.

2. TANGAZO KWA WAZAMIAJI WAPYA

*Mnaarifiwa kuwa matumbawe ni viumbe hai. Ni marufuku kuyakanyaga, kuyashika, kuyakalia au kuyaegemea kwa sababu yoyote ile, picha zikiwemo. Mzamiaji asiyeweza kutulia majini atarudishwa bwawani bila majadiliano.*

*Kwa amri,*
*Uongozi wa Kituo*

(Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: NA MIKONO MUIFUNGE.)

3. Vuai, ukingoni mwa bwawa

"Kasilda! Hiyo mikono unafukuza nzi?

"Unajaza jaketi upepo kama tairi la lori. Kidogo! Tia kidogo, halafu ngoja. Mwili hauitiki papo hapo.

"Nani kakufunga vyuma vyote hivyo kiunoni? Shemeji yako? Tangu lini kawa mwalimu? Punguza. Sasa toa upepo wote kwenye jaketi, pumua kawaida, miguu itulie. Maji yakisimama usawa wa macho, uzito wako ndio huo. Ukienda chini kama nanga, bado umezidisha.

"Haya, lala. Lala kifudifudi, miguu nyuma, usisimame kama mlingoti. Hakuna anayekucheka. Mimi nakucheka, lakini lala."

4. Deo, kwenye kiti cha ufukweni, kwa yeyote anayesikia

"Haya mambo ya pumua hivi, pumua vile, ni ya kina mama wa kliniki. Ukitaka kushuka, ongeza chuma. Ukitaka kupanda, bonyeza kitufe cha jaketi. Ni lifti tu. Nani alisomea lifti? Shemeji, utakufa unajifunza."

Vuai alimwambia arudi bwawani. Deo akamwambia cheti chake kinatambulika dunia nzima.

Dunia nzima.

Masikini dunia.

5. Bwawani, mimi peke yangu

Navuta pumzi

          napanda.

Naitoa

          nashuka.

Na pale katikati, pumzi inapogeuka,

                    natulia.

Hakuna mkono. Hakuna kitufe. Vigae vya bwawa viko chini ya pua yangu na sivigusi.

Vuai alichungulia, akatema mate pembeni. "Afadhali," akasema.

Kwa Vuai, hiyo ni shahada.

6. Yaliyosikika kwenye boti

*Nahodha:* Yule bwana kajifunga vyuma vya watu wawili.

*Vuai:* Nimemwambia. Kasema anajua.

*Dada Editruda, asiyejua kuogelea, aliyekuja kumshikia mumewe taulo:* Deo, si umsikilize mwalimu?

*Deo:* Edi, kunywa soda yako.

*Vuai:* Sikilizeni. Kikosi hakichukui mtu anayeishiwa hewa chini. Sitaki sababu. Akiishiwa, basi. Kasilda, utakwenda na shemeji yako. Mimi niko mbele na huyu mgeni tuliyempakia leo.

7. Chini

Deo alishuka kama friji lililotupwa. Akatua juu ya matumbawe, yakavunjika. Akabonyeza kitufe, akapaa. Akatoa upepo, akaanguka. Akapaa tena. Lifti, naam, ila mwendeshaji kalewa. Kila alipoanguka alipiga mateke, na kila alipopiga mateke alihema, mapovu yakimtoka kama sufuria la maharage. Mchanga ukatimka. Vuai alikuwa nyuma ya mwamba akimrekebishia mgeni miwani, hatuoni.

Mimi nilikuwa nimetulia. Kwa mara ya kwanza baharini, nimetulia kabisa. Samaki walinipita kana kwamba mimi ni sehemu ya mtaa wao.

Kisha Deo akatokea ndani ya ukungu wa mchanga, akipitisha kiganja shingoni mwake. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Sina hewa.

Nikamtazama.

Nikaendelea kumtazama.

Kliniki, nikawaza. Soda yako, nikawaza.

Halafu nikampa kipumulio changu cha akiba.

Alikidaka kwa meno. Akang'ang'ania mkanda wa jaketi langu, macho yamejaa miwani yote, na hapo dharau yangu ikaniponyoka. Alikuwa mtu tu, anataka kuishi. Nikamwonyesha: pole, pole. Tukapanda pamoja. Jaketi lake lilivimba likitaka kumrusha juu, nikavuta kamba yake ya kutolea upepo, nikalipunguza. Tulipofika kina cha kusimama dakika chache kabla ya kuibuka, nikamshika kwapa nikamtuliza, pumzi yangu ikituweka wote wawili mahali pamoja. Naam, wawili. Kwa mapafu yangu haya yaliyochekwa.

8. Juu

Tulipopanda botini, Deo hakungoja hata avue miwani.

"Shemeji kaishiwa hewa! Bahati nilikuwepo! Nimempandisha mwenyewe!"

Vuai, aliyeibuka baada yetu, akanigeukia. "Kasilda. Ni kweli?"

Dada alikuwa anamfuta mumewe mgongo. "Mungu wangu, Deo. Umemwokoa mdogo wangu."

Nimwambie nini mbele ya watu? Nikaanza kufungua mkanda wa jaketi.

"Mwacheni apumzike," Deo akasema kwa upole. "Ni mshtuko. Kina dada huwa—"

Kwa upole!

9. Dada

Akiinama kuokota taulo, Editruda alikanyaga mpira uliotoka kwenye mtungi wa hewa wa mumewe. Akauinua. Mwishoni palikuwa na kipimo cha duara.

"Mwalimu, hii sindano inaonyesha nini?"

"Hewa iliyobaki kwenye mtungi."

"Imelala sifuri."

Vuai akasogea, akatazama. Kisha akatazama cha kwangu: hewa bado ipo.

"Edi, weka chini," Deo akasema. "Vitu hivyo huharibika."

Dada hakuweka chini. Wala hakumtazama. "Kasi, niambie wewe."

"Mtungi wake ulikuwa mtupu, dada," nikasema. "Mtupu kabisa. Kama kichwa chake."

Nahodha akaangua kicheko. Deo akaanza kuvua vyuma kiunoni. Nililisema neno lile kwa raha, siwezi kukuficha. Lilikuwa tamu mdomoni.

"Kikosi kinaondoka kesho," Vuai akasema. "Uwepo."

Hilo ndilo nililolitaka. Lakini Editruda alikuwa ameisikia ile raha. Alikuja akaketi mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, akaniuliza taratibu, kwa Kingoni, ili watu wa boti wasielewe:

"Alipokuomba hewa, ulimpa papo hapo?"

Injini ilikuwa haijawashwa.

"Dada," nikasema.

"Nakusikiliza."

"Dada, mimi nilimtazama kwanza, ndipo nikampa."