Sema Hujaolewa

Kwenye mazoezi ya usaili Teresia alikaa mbele ya meza, mikono magotini kama alivyofundishwa. Selestine alijifanya mwajiri.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa na mama Robi, kule Nyarero."

Darasani hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa Wakurya wa hapohapo Tarime na jibu lile halikuwa na ajabu kwao. Aliyeshtuka ni Selestine mwenyewe, mtoto wa Kasulu, aliyekuwa amefika Tarime mwaka ule na shahada yake ya ustawi wa jamii. Habari za nyumba ntobhu alikuwa amezisikia: mama aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume huoa mwanamke kijana, kwa ng'ombe na mbele ya wazee, na watoto wa mwanamke huyo huwa watoto wa nyumba ile. Alikuwa amezisikia kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali.

"Teresia," alisema kwa upole, "mwajiri hatakuelewa. Mama si mume. Ukiulizwa, sema hujaolewa."

"Si nitakuwa nimedanganya?"

"Una cheti cha ndoa?"

"Sina."

"Basi hujadanganya."

Kijana mmoja wa nyuma, Gidion, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hata baba yangu hajaoa? Maana cheti sijawahi kukiona pale nyumbani."

Darasa likacheka, na Selestine akacheka nalo. Teresia peke yake hakucheka. Alirudia jibu jipya kwa sauti ndogo, akarudia tena alipoambiwa aongeze sauti.

Kituo chao kilikuwa Bomani, nyuma ya maduka, vyumba viwili vya kupanga vya mradi wa kuwasaidia vijana kupata kazi. Selestine alikipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Yeye ndiye aliyeomba mkeka wa watoto, ili akina mama wasikose darasa. Yeye ndiye aliyeanzisha mazungumzo ya Ijumaa, watu wakinywa uji na kusema yaliyowalemea, kwa sababu aliamini kutafuta kazi kunamchosha mtu hadi ndani, na kwamba hakuna anayestahili kuchoka peke yake. Teresia alikaa Ijumaa nyingi bila kusema kitu. Siku aliyosema, alisema hivi: "Nataka wanangu wakiulizwa mama yenu anafanya kazi gani, wawe na jibu." Tangu siku hiyo Selestine alimtafutia kazi kama anayemtafutia dada yake.

Kazi ikapatikana. Kambi moja ya watalii, wilaya ya Serengeti, upande wa Mbalibali, ilitaka watu wa kusafisha vyumba. Msimamizi wake, Agustina, alikuja mwenyewe kufanya usaili pale kituoni, na kwa kuwa chumba cha pili kilikuwa na watoto, wote walisailiwa darasani huku wenzao wakisubiri kwenye mabenchi.

"Umeolewa?" Agustina aliuliza.

Teresia aligeuka. Alimtazama Selestine, aliyekuwa amesimama mlangoni. Selestine akatikisa kichwa kukubali, kidogo tu.

"Sijaolewa."

"Watoto?"

"Wawili. Watabaki na mama."

Agustina alimpenda. Alipoondoka alisema Teresia aripoti Jumatatu. Selestine aliwapigia simu wazazi wake Kasulu kuwaambia kwamba kazi yake inazaa matunda.

Ijumaa ile Teresia hakuja kwenye uji. Gidion alikuja, lakini hakukaa. Alisimama karibu na meza ya Selestine akichezea ufunguo wa pikipiki ya kaka yake.

"Mwalimu, umesikia ya Nyarero?"

"Ya Nyarero yapi?"

"Mimi nilikuwa natania tu pale sokoni. Nilisema mke wa mama Robi amekuwa msichana tena. Watu wakacheka. Kumbe Mseti alikuwepo."

"Mseti ni nani?"

"Mtoto wa ndugu yake mzee Nchagwa, marehemu mume wa mama Robi." Gidion alipunguza sauti. "Siku zote anasema lile shamba ni la ukoo, linakaliwa na wanawake tu. Sasa amepata neno. Anasema kama mke mwenyewe ametangaza hajaolewa, basi nyumba ya mzee Nchagwa haina mke. Nyumba isiyo na mke haina watoto. Na isiyo na watoto, shamba lake linarudi kwa ndugu. Wazee wanakaa kesho."

"Lakini ilikuwa usaili tu, Gidion. Ni maneno ya kuombea kazi."

"Alisema mbele ya watu, mwalimu. Mimi nilikuwepo. Na wewe ulikuwepo."

Alipoondoka, Selestine alimpigia Teresia. Simu ilipokewa na sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye mwalimu uliyemwachisha mke wangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ndiye mimi."

"Basi njoo kesho. Na usije na makaratasi yako. Hapa tunasikiliza mdomo."

Jioni yote Selestine alijitafutia utetezi, na alipata mwingi. Teresia ni mtu mzima. Yeye alishauri tu. Chuoni walifundishwa kwamba mshauri hamwamulii mtu. Sheria hizi za ukoo hakuzitunga yeye. Kila utetezi ulisimama vizuri mpaka alipokumbuka kile kichwa chake mlangoni, kikishuka na kupanda. Teresia alikuwa amemuuliza kwa macho, na yeye alikuwa amemjibu.

Nyumba ya mama Robi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na migomba nyuma yake. Wazee walikuwa wameshakaa uani, kwenye viti na magogo, mzee Nikodemo katikati yao akiwa na fimbo yake. Mama Robi alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Teresia alikuwa chini karibu naye, amenyoosha miguu. Hakumtazama Selestine.

Mseti alisema kwa adabu. Alikuwa mtu wa mnadani, anayejua kuongea bila kupandisha sauti. "Mimi sina ugomvi na mama mkubwa. Wala sijamfukuza mtu. Nauliza tu, wazee wangu. Binti huyu aliolewa hapa, tukala, tukanywa, tukamwita mke wa nyumba hii. Juzi ameulizwa mjini, mbele ya umati, akasema hajaolewa. Mtu akijitoa mwenyewe, nani anamrudisha kwa nguvu?"

"Kwa nguvu hajarudi mtu," mama Robi alisema. "Amelala hapa jana na juzi. Wewe ulikuwa unahesabu migomba yangu ukiwa njiani."

Mzee mmoja alicheka kooni. Nikodemo akagonga fimbo chini.

"Binti," alimgeukia Teresia, "ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Teresia aliangalia vidole vya miguu yake. "Nilitaka kazi."

"Nani alikufundisha kuomba kazi hivyo?"

Selestine alisubiri amtaje, akaona hatamtaja. Hakujua kama Teresia anamhurumia au amemchoka kiasi kwamba hata jina lake halimtoki. Mojawapo ya hayo lilimsimamisha.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema vizuri, bila kuficha, kwamba ameolewa hapa na mama Robi. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hajaolewa. Akaniuliza kama atakuwa amedanganya, nikamwambia hapana. Hata siku yenyewe alinitazama kwanza. Yale maneno ni yangu."

Mseti alimtazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mwalimu, kwenu mtu mzima anafundishwa kuikana nyumba yake?"

"Hapana."

"Basi kwa nini ulifundisha hapa?"

Selestine alianza kueleza habari za kambi, Mseti akamkatiza kwa mkono.

"Tuseme ni kweli yalikuwa yako," Mseti aliendelea. "Huyo bosi wa kambini bado anajua huyu ni msichana asiye na mtu. Jumatatu anakwenda kule kama nani? Mpigie, mwalimu. Mwambie mbele yetu ni mke wa nyumba gani. Usipompigia, wazee, mjue bado anajitoa, isipokuwa sasa anajitoa kwa mshahara."

Baadhi ya wazee waliguna kukubali. Selestine alitoa simu, akapata jina la Agustina, kidole kikakwama juu yake. Kazi ya Teresia ilikuwa pale chini ya kidole. Safari hii hakumwamulia. Alivuka ua, akachuchumaa mbele ya Teresia.

"Nipige? Nikipiga, huenda kazi ikaondoka. Nisipopiga, mimi sijui hawa wataamua nini. Sema wewe."

Kwa mara ya kwanza siku ile Teresia alimtazama. Kisha akamtazama mama Robi. Mama Robi hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara. Alikuwa akitazama mbele, mikono imeshika ukingo wa kigoda. Ndani ya nyumba watoto walikuwa wakigombania kitu, na mkubwa, aliyepewa jina la mzee Nchagwa, alikuwa akisema kwa sauti kwamba hicho ni chake.

"Piga," Teresia alisema.

Simu iliita kwa muda. Selestine aliiweka kwenye sauti ya nje, wote wasikie.

"Selestine, niko na wageni, sema haraka."

"Ni kuhusu Teresia. Ameolewa. Ameolewa Nyarero, na mama Robi, kwa mila za hapa. Mimi ndiye niliyemwambia akuambie hajaolewa."

Zilisikika sahani zikipangwa. "Na kwa nini ukamwambia hivyo?"

"Niliogopa hutamchukua. Nilisikia kambi hazitaki wake za watu."

"Ulisikia kwa nani?"

Alijaribu kukumbuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maneno ya mtaani, na yeye kuyaamini.

"Nusu ya wanawake wangu wameolewa," Agustina alisema. "Nauliza ili nijue nani anahitaji kwenda nyumbani mara kwa mara, nimpangie zamu zake. Wawili wameolewa hivyohivyo na akina mama. Mimi mwenyewe bibi yangu alioa."

Selestine alihisi uso wake ukiwaka.

"Basi ukweli ndio huo sasa," alisema. "Yeye hana kosa, dada Agustina."

"Sikia. Mtu wa vyumba anaingia peke yake kwenye mabegi ya wageni. Ninachokuwa nacho juu yake ni neno lake tu. Neno lake la kwanza kwangu halikuwa kweli, na aliyelitengeneza ni wewe unayeniletea watu. Nikimchukua, kesho kikipotea kitu nitaulizwa nini? Jumatatu asije. Nitamchukua yule binti wa Sirari niliyemsaili siku ileile." Akasita kidogo. "Mwambie pole." Simu ikakatika.

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Teresia alikuwa amesikia, na alikuwa ameinamisha kichwa akifunga na kufungua fundo la khanga yake.

Mzee Nikodemo alilaza fimbo magotini. "Mseti," alisema, "umewahi kuona mtu akiacha mkate wake kwa ajili ya nyumba isiyo yake?"

"Mimi nimeuliza tu, mzee."

"Umeuliza, umejibiwa. Mke ni wa nyumba hii. Watoto ni wa mzee Nchagwa. Asiyeridhika aje kwangu, asiende sokoni."

Mseti alisimama, akapangusa suruali. "Sawa. Ila mmenisikia," alisema, akaondoka bila kuaga mlangoni. Wazee wengine walitawanyika mmojammoja.

Selestine alitaka kuondoka nao. Mama Robi alimwonyesha gogo.

"Kaa, mura, kijana wangu. Ukiondoka hujala watasema nimekufukuza, na leo yamesemwa ya kutosha."

Akakaa. Teresia alileta maji, akammiminia mikononi, kisha akaleta ugali wa udaga wa muhogo na mtama, mweusi na wa moto, pamoja na mboga za maziwa. Alikaa upande wa pili na mama Robi, wakaanza kula. Selestine alikata tonge, akalishika tu.

"Teresia, nisamehe."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Nilikuwa nataka—"

"Najua ulichokuwa unakitaka. Na mimi nilikitaka hichohicho." Alitafuna, akameza. "Mbona huli? Unataka mimi nianze kukufariji? Leo siwezi."

"Mwache ale," mama Robi alisema. "Mtu mwenye aibu anakula taratibu."

Akala. Kila tonge liliteremka kwa shida, na kila alipodhani amemaliza, mama Robi alimwongezea bila kumuuliza. Alianza kupanga moyoni atakayosema: kwamba kuna kambi nyingine, kwamba atazunguka Mugumu nzima, kwamba ndani ya mwezi huu. Maneno yalikuwa mazuri na yalikuwa tayari mdomoni.

"Kambi nyingine zinaajiri lini?" Teresia aliuliza, kana kwamba ameyaona.

Selestine aliyaacha yale aliyopanga.

"Sijui," alisema.

Teresia alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitu mkononi. Kisha akamsogezea bakuli lake la mboga, kwa kuwa la Selestine lilikuwa limekwisha.