Punda wa Anyesi Mbele ya Polisi

Jumatatu asubuhi Evaresta alifunga studio yake ya video pale Daraja Mbili, akabeba deki kwapani na kaseti kwenye kikapu, akaenda kituo cha polisi kutoa maelezo. Nyuma yake alifuata Anyesi wa Ngaramtoni, mkono mmoja umefungwa plasta.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Jumamosi Evaresta alikuwa amesimama nyuma ya pikapu ya matarumbeta, akipiga picha za msafara wa harusi kwenye barabara ya Nairobi. Gari jeupe likachomoka, likaupita msafara mzima konani, likamgonga Anyesi na punda wake, likapotelea mjini. Punda alikufa papo hapo. Mwenye gari alikuwa bwana mmoja aliyeneemeka tangu biashara huria iruhusiwe, naye alisema hajawahi kumwona punda yeyote. Anyesi hakutaka makuu. Alitaka apewe punda mwingine wa kumbebea maji, basi.

Sajenti Philemoni, mtu wa utani na kitambi cha heshima, aliweka televisheni juu ya kaunta. Matarumbeta yakalia, konstebo mmoja akaanza kutikisa mabega. Gari jeupe likachomoka. Hapo lori lililotoka upande wa pili, mle mle kwenye picha, likalipigia taa, kama madereva wanavyopeana habari kwamba mbele kuna trafiki. Gari likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akamsalimia Anyesi kwa adabu, na punda akavuka taratibu akitikisa masikio.

"Ndio zao," alisema Sajenti. "Wakituona tu, wanakuwa malaika."

"Basi vua kofia, afande," alisema Evaresta.

Wakarudisha kaseti. Sajenti akavua kofia, gari likaongeza mwendo kidogo. Akavua mkanda wa kiunoni, likaongeza tena. Zaidi ya hapo alikataa kuvua, kwa sababu kulikuwa na akina mama.

Jioni alikuja studio amevaa shati la maua. Safari hii lori halikupiga taa. Gari likaja kama limetumwa na shetani, punda akarushwa, na Sajenti akaruka kutoka kwenye stuli.

"Mshenzi mkubwa! Ningekuwa kazini, huyu angelala ndani leo hii!"

"Si kesho utakuwa kazini, afande?"

"Kesho nitakuwa na magwanda, dada yangu, na yeye atakuwa anaendesha vizuri. Nitamshika kwa lipi?"

Evaresta akaichomoa kaseti kwenye deki.

Kesho yake, deki na kaseti vikiwa vimerudishwa kituoni, Sajenti aliandika maelezo, maana maelezo hayana budi kulingana na kielelezo. Shahidi aliona gari likisimama. Punda alivuka salama, kisha akafa baadaye kwa sababu zake mwenyewe. Mkono wa mama ulivunjika kwa namna isiyohusu barabara. Evaresta alikasirika mpaka machozi yakamtoka, akaisukuma kalamu na kusema hasaini uongo.

"Sawa tu," alisema Sajenti kwa upole. "Usiposaini, hakuna shahidi. Bila shahidi, jalada linafungwa." Akalifunga. Kisha akamgeukia Anyesi. "Pole sana, yeyo, mama yangu. Nililia, nakwambia kweli. Ila nililia nikiwa raia."

Anyesi aliipokea pole hiyo kwa kuinamisha kichwa. Alikuwa bado anaitazama televisheni.

"Mwanangu," alimwambia Evaresta, "hebu rudisha pale anapovuka."

Evaresta akafuta macho, akarudisha. Gari jeupe lilipochomoka lilikuwa na kasi kidogo, kwa kuwa Sajenti alikuwa ameiweka kofia mezani.

"Afande, tafadhali," alisema Anyesi, "vaa kofia."

Sajenti akaivaa haraka kwa mikono miwili, akaketi wima. Gari likasimama. Punda akavuka akitikisa masikio, na Anyesi akacheka kwa furaha, akamwita kwa Kimaa kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Waliitazama tena na tena, kituo kizima kikicheka naye. Kisha akaaga, maana nyumbani hakukuwa na tone la maji, na njia ya mtoni ni ndefu kwa mtu wa mkono mmoja.