Wauguzi wa Kuazima

Chirau alikuja hotelini kuazima watu kama mtu anayekwenda kwa jirani kuazima sufuria za harusi. Alinikuta stoo nikipanga mashuka. Akauliza hali yangu, hali ya watoto, hali ya kazi, akasifu hata harufu ya sabuni. Nikajua ana shida.

Chirau ndiye msimamizi wa Makao ya Wazee Upole, nyumba nyeupe nyuma ya hoteli za Galu. Mama yangu, Bi Twaiba, analala pale tangu kiharusi kilipomchukua upande mmoja. Mimi naishi Ukunda na watoto katika vyumba viwili, na zamu zangu za kusimamia usafi hotelini hazitabiriki. Ubao wa mlangoni unasema wazee wanahudumiwa na wauguzi saa zote. Wauguzi hao wote wanaitwa Dama. Dama huwaogesha, huwalisha, huwafulia na kufungua lango, na Chirau akisinzia hupokea simu. Asichoweza ni kumgeuza mama yangu peke yake. Mama amejaaliwa mwili, na kumgeuza mtu kama yeye kunataka watu wawili. Asipogeuzwa, ngozi ya mgongo huchubuka, nayo ilikuwa imeshaanza. Nikitoka kazini nilikuwa nikipita tukamgeuza na Dama. Nikiwa zamuni, mama alikaa vile vile alivyolazwa, kama mkeka uliosahauliwa uani.

Nilishamlalamikia Chirau mpaka nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja: yeye ni msimamizi tu, kuajiri ni kazi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni nani? Hapatikani. Nilimwandikia mwenye nyumba barua. Nikajibiwa na Chirau.

Sasa mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, na Chirau alitaka nimpe vijana wangu. Ilikuwa masika, wageni hakuna, na hoteli ilikuwa imewarudisha wengi nyumbani bila mshahara. Aliwataka walio nadhifu, wanaojua kutabasamu. Sare nyeupe alikuwa ameshaziazima kwingine.

Nilimwambia huo ni udanganyifu mtupu.

"Mama Swabir," akasema, "nyumba ikifungwa, mama yako anarudi kwako. Mimi sina neno. Nafasi unayo?"

Sikuwa nayo. Nikakubali, kwa sharti kwamba siku hiyo mama ageuzwe ipasavyo. Hata ya uongo, ilikuwa siku moja ya mgongo wake kupumzika.

Nilimpa vijana watano: Feisal, mbeba mizigo ya wageni, na Caroline, mtandika vitanda, na wengine watatu. Asubuhi Chirau aliwapanga mstari akawafundisha kwamba muuguzi hasemi "karibuni sana, jisikieni nyumbani." Lakini mazoea hayavuliwi kama shati. Nilipofika, Caroline alikuwa ameshakunja taulo zikawa bata maji, moja kila kitanda, na ua la asumini shingoni. Feisal alikuwa amemuuliza mzee Mangi kama safari yake ilikuwa njema. Mzee Mangi, ambaye hajatoka kitandani tangu mwaka jana, alimjibu kwamba bado hajafika.

Mkaguzi aliitwa Hanifa, mwanamke wa Msambweni, viatu vya chini, maneno machache. Alikagua jiko, akakagua choo, akamtazama bata maji kwa muda mrefu. Chirau alimfuata nyuma mpaka mlangoni mwa chumba cha akina bibi, akimsifia upepo wa bahari, kana kwamba nao ameuajiri yeye. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa, mpaka salamu zilipoanza.

Feisal aliinama kando ya kitanda cha mama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Garama, wa Kinondo."

Mama akafufuka. Garama yupi, yule mfupi au yule mvuvi? Na mamake goti lilipona? Na yule shangazi aliyekwenda Kibuyuni kulima mwani, ameshajenga? Na nyumba ni ya bati au ya makuti? Feisal ni mtoto aliyelelewa. Mkubwa akikuuliza habari za kwenu, unajibu mpaka aridhike, hata kama nyumba inaungua. Akajibu goti, akajibu shangazi, akajibu bati. Kitanda cha pili Caroline alikuwa anaulizwa ukoo wake mpaka kwa babu wa babu. Hata wale watatu wengine walishikwa mikono wasiachiwe. Chumba kizima kikawa kama siku ya harusi wageni wa mbali wanaposhuka. Chirau alikohoa, hakuna aliyemsikia.

Wakati huo Dama alikuwa anapita na ndoo. Mama alikatiza habari za mwani, akamgeukia bila salamu wala dibaji.

"Dama, mgongo."

Dama akatua ndoo, akaja. Ilibidi amwonyeshe Feisal pa kushika.

Hanifa alimuuliza Chirau wauguzi hawa wana muda gani hapa. Chirau akasema ni wa siku nyingi, ni kama watoto wa nyumba.

"Bwana Chirau, mimi bibi yangu yu hai," Hanifa akasema. "Mtu anayekulisha kila siku humuulizi kama shangazi yake ameshajenga. Ulishamuuliza zamani, ukachoka. Humu ndani anayefanya kazi ni mmoja, na ndiye ambaye hakusalimiwa."

Chirau alipoona mambo yameharibika, alikimbilia jibu lake la siku zote: kuajiri ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapatikani. Hanifa akafungua karatasi za usajili, akasoma jina: Kahaso Mwero. Akauliza anapatikana wapi. Chirau akaangalia dari.

"Bi Kahaso?" Dama akasema. Hakuna aliyekuwa amemwambia cha kuficha. "Si yule wa kitanda cha dirishani?"

Bi Kahaso ni mama mkwe wa Chirau. Sote tulilijua hilo. Tusilolijua ni kwamba Chirau aliandikisha nyumba kwa jina lake ili lawama zikija zimkute bibi, kisha akamlaza humo humo, bila kumwambia. Na kumwambia ingekuwa kazi, kwa sababu kwa desturi zetu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, wala hasimami akashindana naye kwa maneno. Ndiyo maana hata siku hiyo Chirau alikuwa ameishia mlangoni, ukaguzi wa chumba hicho ameuongoza kwa shingo.

Hanifa alivuta kiti, akamweleza Bi Kahaso kwamba kwa mujibu wa serikali nyumba hii ni yake. Bi Kahaso akafikiri.

"Kama ni yangu, mbona chai yangu huja baridi?"

Hanifa akasema hilo ni swali zuri. Akaongeza kwamba pia anayeweza kuajiri watu hapa ni yeye peke yake, Bwana Chirau mwenyewe amesema hivyo sasa hivi, na mashahidi tupo.

"Basi huyu mtoto wa Garama abaki," Bi Kahaso akasema. "Na huyu aliyenikunjia bata. Mkwe wangu, umesikia?"

Nusu ya Chirau ilikuwa nyuma ya mlango. Angeweza kusema nyumba ni yake, mbele ya mkaguzi aliyeshika karatasi zinazosema siyo. Au angeweza kumkatalia mama mkwe mbele ya vijana wa Kinondo, na habari ingefika kila harusi mpaka Vanga kabla ya Ijumaa.

"Nimesikia, mama," akauambia ukuta.

Wale watatu wengine walirudisha sare wakaenda zao. Hanifa aliandika makosa yaliyojaza kurasa, akampa Chirau muda wa kuyarekebisha, akaahidi kurudi bila hodi. Dama aliwafundisha wale wawili kazi, na somo la kwanza lilikuwa la Feisal: mtu hanyanyuliwi kama sanduku. Wageni waliporudi, hoteli ilimwita Feisal. Hakwenda. Chirau hulipa kwa kuvutwa, lakini Bi Kahaso kila asubuhi huuliza kwa sauti, kupitia ukutani, kama watu wake wamelipwa, na chai yake siku hizi huja na moshi. Ubao wa mlangoni haujabadilishwa. Sasa una ukweli zaidi kidogo kuliko zamani.

Jana nilipita baada ya zamu. Kidonda kimekauka, kimebaki alama. Nilikuwa nimeshakunja mikono nimsaidie Dama, nikakuta hanihitaji. Feisal aliingia na Caroline nyuma yake. Mama hakumuuliza habari za goti wala za shangazi. Hata shikamoo hakuingoja.

"Feisal," akasema, "mgongo."