Gitaa la Ernesti na Baraza la Wazee

Jumapili ya pili ya Oktoba, mwaka sabini na tano, Ernesti aliunganisha spika na betri ya trekta la kijiji, akaanza kupiga gitaa la umeme mbele ya kanisa la udongo. Kabla pambio la kwanza halijaisha, maji yalichimbuka chini ya spika. Yalikuwa baridi, hayana chumvi. Akizidisha kasi yalifurika, akinyamaza yalikatika. Wanawake walikwenda nyumbani kuchukua ndoo.

Wa kwanza kurudi alikuwa Sipora, mjane wa jamii ya wafugaji. Mwaka uliotangulia alikuwa ameletwa kwa lori kwenye kijiji hicho kipya cha ujamaa, karibu na Sindeni, akaahidiwa kisima. Kisima hakikuchimbwa. Maji yalikuwa mtoni, mwendo wa saa tatu, au kwenye lambo walimokunywa ng'ombe. Mjukuu wake Taiyo alikunywa ya lambo, akaharisha siku nne, wakamzika siku ya tano. Mchungaji Mhina alihubiri kaburini juu ya maji ya uzima.

Jirani yake Hamisa, ambaye ni Mwislamu, alisimama nje ya ua wa kanisa na debe lake, akauliza kama wimbo uliobaki ni mrefu. Aliambiwa una beti saba. Akashukuru, akatuma aletewe debe la pili.

Ernesti alikuwa mpigaji wa dansi kwenye kambi za mkonge kule Korogwe. Alikuwa akisema kwamba Mwokozi alimkuta na gitaa mkononi, wala hakumwambia aliweke chini. Alipiga Jumapili tatu. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani walijaa hadi barabarani, na watoto wakaoga.

Baada ya Jumapili ya tatu, baraza la wazee wa kanisa lilikutana nyumbani kwa mchungaji kuamua kama muziki ule ni huduma au ni dansi. Maji hayakubishaniwa, mtungi wake ulikuwa mezani, na wazee waliujaza mara mbili. Mzee Paulo alisema ameona viuno vikitikisika. Mwingine alisema maji yaliyotokana na nyuzi hayawezi kuhesabiwa kuwa yametokana na Neno. Sipora akaitwa kutoa ushahidi.

"Mama Sipora," mchungaji alimwuliza, "ulipokuwa unakinga yale maji, moyo wako ulikuwa kwa Mungu au kwa mdundo?"

"Ulikuwa kwa Taiyo."

Mchungaji alisema hilo si jibu.

"Mchungaji, mahubiri yako nimeyasikia mwaka mzima, hayajalowesha ulimi wa mtu. Huyu kijana amepiga Jumapili tatu, na hatujazika mtoto. Mkitaka kujua huduma ni ipi, nendeni mkahesabu makaburi."

Katibu wa baraza aliandika kwamba shahidi alikuwa na hasira. Ikaamuliwa gitaa lipelekwe makao ya kanisa, Korogwe, likachunguzwe, na Ernesti aruhusiwe kuimba bila ala. Aliimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, na ardhi ilibaki kavu. Wakati huohuo ofisi ya kijiji ilikuwa imekwisha kuripoti kwamba maji yamepatikana, hivyo mabomba yaliyotengwa kwa ajili yao yakapelekwa kijiji kingine.

Januari walizikwa watoto wawili. Mtoto wa Hamisa naye akaanza kuharisha. Sipora alichukua debe, akapanda lori la mkonge hadi Korogwe.

Alilikuta gitaa limetundikwa ukutani ofisini. Upepo wa dirishani ulikuwa ukigusa nyuzi, maji yanadondoka, na mtu alikuwa ameweka mfereji wa bati kuyapeleka kwenye bustani ya maua. Karani alimwambia kwa upole kwamba uchunguzi unaendelea, na kwamba angepaswa kuja na barua.

Sipora alilishusha gitaa. Hakujua kulipiga, akazikwaruza nyuzi kwa kiganja kama mtu anayepara samaki, kwa nguvu, mpaka kikatoka damu. Maji yalijaa debe, yakafika kwenye vifundo vya miguu. Karani alipandisha mafaili juu ya kabati, akaendelea kupiga chapa. Sipora akalirudisha gitaa mahali pake, akajitwisha debe.

Nusu ilimwagika njiani. Iliyobaki ilimtosha mtoto wa Hamisa siku sita, naye akapona.

Mwezi uliofuata baraza lilimtenga Sipora na Meza ya Bwana kwa miezi sita, kwa kutumia mali ya kanisa bila kibali. Swali la kama muziki ule ni huduma liliahirishwa hadi mwakani. Hukumu iliposomwa kanisani, Sipora hakuwepo, wala Ernesti. Walikuwa mtoni na madebe yao. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili foleni ya mtoni huwa fupi.