Kitenzi cha Kwenda

"Go!" Hugues alipaza sauti, na wasichana wakainuka wote pamoja kwenye mkeka wangu, kama kuku waliotupiwa jiwe.

Nilikuwa nachambua maharage uani kwetu, Cibitoke. Madamu Adélaïde, anayepeleka wasichana Uarabuni kwa kazi za nyumbani, ndiye aliyemleta kijana huyo awafundishe Kiingereza. Mwanangu Sumaya alishika upesi kuliko wenzake. Lubna, binti wa jirani, kazi yake kucheka.

Hugues alipenda maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Mchana ule aliwaeleza kwamba *go* ni kitenzi cha zamani sana, lakini umbo lake la wakati uliopita lilikufa. Waingereza wakaazima la kitenzi kingine, *wend*, kilichokuwa na maana ya kugeuka. Ndiyo maana, safari ikishapita, wanasema *went*.

"Kumbe ukishaenda unageuka mutu mwingine!" Lubna akasema. Wakacheka. Mi sikucheka.

Nikasogea na ungo wangu. "Mwalimu, wafundishe basi kusema: nataka kwenda kwetu."

Aliangalia lango kwanza. "Mama Sumaya, hiyo haimo. Madamu amekataza. Ni amri tu: nenda, leta, safisha. Wao wasikie. Kusema, apana."

"Na wakipigwa?"

Akachukua kitambaa, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Niliacha maharage, nikaenda kwa mama yake Lubna, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"We unaogopa kila kitu, dada," akasema. "Mutoto wangu anaenda kutafuta. Wako mufungie ndani, umulishe woga."

Kesho yake, siku ya safari, basi la kuwapeleka Tanzania wakapande ndege likiwa limeshawasha injini, nilimshika Sumaya mkono mbele za watu.

"Mama, niachie! Unaniharibia maisha!"

Sikuachia. Aliniuma, sikuachia. Lubna alitupungia mkono dirishani, bado anacheka.

Sasa ni mwaka wa pili. Mama yake Lubna huja kwangu na simu yake isiyolia, ananiuliza kama kwetu mtandao unashika vizuri. Nampa kiti. Nyinyi wenye mabinti, msipeleke tu watoto kwenye masomo hayo. Kaeni hapo, msikilize ni nini hawafundishwi.

Sumaya hajanisamehe. Jioni anaosha vyombo akinipa mgongo, anavigonga makusudi ili nisikie.

Nasikia.