Nusu ya Jioni

“Mimi Uarabuni sikushika hata ufagio! Nilikuwa msimamizi. Wenzangu wakifagia, mimi naonyesha kidole tu: pale, na pale!”

Sebule nzima ya kwao Shadia, hapo Kasulu, ikacheka. Msimamizi! Msimamizi huyo, Shadia mwenyewe, alirudishwa nchini na kandambili miguuni, baada ya miezi minane jela hukohuko kwa kuiba chupa ya manukato iliyobaki robo. Hakuna aliyejua, hata mama yake. Wote waliambiwa kakimbia joto.

Leo wanawake wa upande wa Twalibu, kijana aliyetaka kumwoa, walikuja kumtazama. Barua ya posa ilikuwa mkobani mwa Bi Mwamvua, mama wa kijana, muuza vitenge ambaye dukani kwake ikipotea sindano hakulaliki. Wakimridhia binti, ataitoa. Wasipomridhia, anarudi nayo.

Mambo yalinyooka mpaka Bi Mwamvua alipomgeukia mgeni wa pembeni. “Wifi yangu Asmahani huyu, katoka Kibondo asubuhi. Naye alifanya kazi Uarabuni, mji uleule wako. Haya, ongeeni!”



“Mtaa gani, mwanangu?” Asmahani akauliza.

“Ah, shangazi, kule mitaa yote mchanga na magari!”

Wakacheka. Asmahani hakucheka.

Chakula kikaja: samaki, maharage, chapati. Shadia akala taratibu, kibinti. Jasho linamtoka, mdomo unapiga porojo, na mikono nayo ikashika shughuli zake: ikakata chapati katikati, nusu ikaenda mdomoni, nusu ikakunjwa na kuzama kwenye upindo wa kanga. Mwenyewe wala hakujua.

“Hiyo nusu unamwekea nani?” Asmahani akauliza.

“Nusu gani, shangazi?”

“Ya jioni. Jela ya wanawake mkate ulitoka asubuhi tu. Wajanja walificha nusu, hivyohivyo.” Asmahani akafuta vidole. “Mimi nilikuwa mpishi pale. Nilikuwa napitisha mikate kwenye kidirisha. Wewe uliona mikono yangu tu, lakini mimi nilikuona. Ulikuwa unanichekesha upate kipande cha ziada. Nikasema moyoni, mcheshi huyu, lafudhi hii, ni wa kwetu.”

Bi Mwamvua akauvuta mkoba mapajani, akafunga zipu.

Shadia akafumbua mdomo, ule usiokosa neno tangu shule ya msingi. Neno halikuja. Kilichotoka ni chapati: iliteleza kwenye kanga, ikaangukia mkekani, katikati ya wageni.