Kuliwasha Jina la Cheche

…kwa sababu upepo wa programu hii ya kuchorea mabango hauvumi kutoka chini kwenda juu, unavuma kushoto au kulia tu, kwa hiyo jina sharti ulilaze ubavu kwanza, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, ndipo ulipige upepo, halafu ulisimamishe, na hapo miali inaonekana kama inapanda, nimeyafanya haya mara nyingi mno, mabango ya mapambano ya ngumi, ya pilipili ya chupa, na sijawahi kusita, leo kidole kimeganda juu ya mausi na jina limelala mbele yangu, CHECHE, herufi nene nyeupe juu ya weusi mtupu, na huyu promota nyuma ya kiti changu ananipumulia karanga shingoni, anasema Fundi, nataka liwake, unanisikia, mtu akipita barabarani ahisi joto, ndiyo bosi, nimekusikia, majirani wamekusikia, mdomo wako wewe hauna breki… anasema huyu mama ni moto kweli kweli, hujawahi kumsikia akiimba? Nimewahi, namwambia, redioni. Eti redioni! Ningemwambia nini, kwamba nimemsikia akiimba huku ananisuka, magoti yake yamenibana mabega, kwamba Cheche ni mama yangu mzazi, na tangu nikiwa darasa la pili sijamtia machoni ila kwenye mabango waliyotengeneza watu wengine… bonyeza, mtoto wewe, bonyeza, kazi ni kazi.

Haya, upepo umepita, rudia, mara moja haitoshi, mistari ya kijivu imechomoza kwenye kila herufi, miembamba, imetimka upande mmoja, utadhani nywele zilizofumuliwa… nywele tena, lo, akili yangu nayo haijui adabu, siku ile alikuwa amenisuka upande wa kushoto, basi la bendi likapiga honi nje, akaniinamia sikioni akasema nakuja sasa hivi, upande huu nitaumalizia, usiuguse, na mimi sikuugusa, mama mdogo ndiye aliyeumaliza kwa mkono wake mzito ule, mdogo wake mama huyo lakini mkono kama wa mpiga pasi, na baada ya hapo nikakataa katakata kufumuliwa, upande wa mama ukachakaa, ukatoa vinyweleo, ukanuka, mwalimu akanirudisha nyumbani, ikabidi nishikwe na watu wawili, nililia mpaka sauti ikakauka, na mama mdogo naye akalia, tukawa tunalia watu wazima na watoto kwa ajili ya kichwa kimoja… promota anasema mbona limelala, Fundi, bango langu litalala? Litaamka, bosi, subira, anacheka, anasema subira huvuta heri, na mimi nasema kimoyomoyo, heri gani, mimi nimevuta subira hiyo mpaka mikono imeota sugu.

Ligeuze sasa, lisimame, haya, limesimama, lipake ukungu kidogo ili ile mistari isiwe mikali, halafu chukua kile chombo chenye alama ya kidole, hiki ndicho ninachokipenda, unauvuta mwali kwa kidole, unaupinda, unauacha uponyoke, hakuna mwali unaofanana na mwenzake, ukiifananisha tu watu wanajua ni uongo hata kama hawajui kwa nini, vuta hapa kwenye H, pinda pale, na promota ananyoosha simu juu ya bega langu, chwa, anapiga picha skrini yangu bila hata hodi, anasema namtumia mama aone, wako njiani na bendi, anaona nini, mama anaona nini sasa hivi, anauona mkono wangu kwenye simu yake na hajui… promota anakula karanga moja, ya pili, simu inalia, anabonyeza, na sauti ya mama iliyorekodiwa inatoka, na kelele za basi nyuma yake, Mwambie huyo fundi moto mzuri, ila unanila, huo, apunguze hapo kwenye E ya mwisho, watu wa nyuma watauliza huyu anayeungua ni nani, kisha anacheka, kisha anakohoa, redioni hakohoi. Hakohoi kabisa redioni. Sauti imekuwa nzito, ina mikwaruzo kama sufuria iliyokwanguliwa sana, na neno lake la kwanza kwangu tangu nakuja sasa hivi ni apunguze moto kwenye E, haya mama, napunguza, na promota anajibu kwa simu, sawa mama, umesikika mama, na mimi namtazama huyu mtu na wivu unanipanda mpaka masikioni, anamwita mama, bendi nzima inamwita mama, watangazaji, walevi wa mstari wa mbele, dunia nzima ina mama isipokuwa mimi, ninayemtaka. Namtaka mama yangu. Basi, nimesema, hata kama ni ndani kwa ndani, mtu mzima na kazi yangu na funguo za chumba changu, namtaka.

Rangi. Moto bado wa kijivu, moto usio na rangi ni moshi tu, tia rangi ya chungwa kwenye tabaka la chini, nakili, tia njano juu yake, ziunganishe zing'ae, na lo, umeshika, umeshika kweli, rangi imeingia kwa mpigo kama pale mkaa unapokubali, alikuwa anaupepea kwa mfuniko wa sufuria, mama, anaimba kwa mdundo wa ule mfuniko, na babu anapiga kelele kutoka chumbani, nyumba hii si kilabu, babu na kelele zake… uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo watu wanavyosema, na uchungu wa mzazi anaujua nani, niliwahi kumuuliza mama mdogo hivyo, kwa hasira, siku ya msiba wa babu, tunaosha vyombo vya watu, nikasema mwanamke gani hata baba yake akifa haji, na mama mdogo akaweka sahani chini, akasema wewe hujui kitu, alikuja, mwaka ule ule alioondoka, amekubebea viatu, babu yako akasimama mlangoni akasema binti wa majukwaani simjui, na hapa hana mtoto, na akarudi tena, na tena, mpaka akaacha, na sisi tuliokuwa ndani tukanyamaza, na wewe ulikuwa umelala. Nilikuwa nimelala! Miaka yote hiyo mimi najiambia hakunitafuta, na mtu alisimama nje amebeba viatu vyangu na mimi nimelala… na baada ya msiba nikasema sawa, babu hayupo, sasa atakuja, mlango uko wazi, nikangoja, nikahamia mji huu nikangoja na huku, kana kwamba kuna mtu alimtangazia kwamba mlango umefunguliwa, nani alimwambia, mimi sikumwambia, mimi nilikaa tu nimenuna.

Chwa, picha nyingine, anaituma na maneno ya sauti, mimi nyuma yake nasema bado sijamaliza, bosi, na safari hii jibu haliji upesi, promota anasema mtandao huo, barabara ile ina milima, napunguza mwali kwenye E ya mwisho ingawa umeshapungua, nauongeza, naupunguza tena, mikono tu inatafuta kazi, kisha simu, na sauti, Ee! Sasa huyo ni nani? Ana mkono huyo binti… ni binti, siyo, nimesikia sauti yake hapo nyuma… muulize jina lake, tumwekee kiti mbele, aje tusalimiane, mimi watu wa namna hiyo napenda kuwajua. Binti. Ameniita binti, kama anavyomwita muuza maji yeyote wa stendi. Promota ananisukumia simu mdomoni, kidole gumba kimekandamiza pale pa kurekodi, anasema haya Fundi, bahati hiyo, sema jina lako, tangu nimeingia hapa nakuita Fundi kumbe sikujui… na jina langu ni yeye aliyenipa, alimpokonya babu haki ya kunipa jina, alilitunga mwenyewe hospitalini na hajawahi kutokea mwingine mwenye jina hilo, shuleni walidhani limekosewa, akilisikia atajua, hata basi lipige kelele namna gani atajua, na mimi naweza kusema Fundi tu, inatosha, nikakae kiti cha mbele nimtazame bila yeye kunijua, nimwone anavyozeeka, nirudi nyumbani na moyo wangu mzima, na huo ndio usalama, ndiyo, na ndio mlango wenyewe, ule ule, ila leo aliyesimama ndani ameshika komeo ni mimi… anasema sema basi, mkono unachoka, na nasema. Nalisema jina langu lote, taratibu, kama alivyolitunga. Promota anasema alaa, jina zuri, sijapata kulisikia, nani alikupa? Na kidole chake bado kimekandamiza. Mama yangu, nasema, na naiinamia simu ili lisipotelee kwenye kelele za barabarani, mama yangu alinipa, mwambie nipo macho.